Nilikulia kwenye malaria, mbona sasa imenilaza?

"Shikamoo daktari. Nimezaliwa na kukulia Muheza, Tanga. Utotoni malaria kwetu ilikuwa kama mafua, unameza dawa na kesho kutwa unacheza mpira. Sasa nina miaka 13 nikiishi Muscat, Oman. Mwaka jana nilirudi nyumbani mwezi mzima kumwuguza mama. Wiki ya tatu homa ikanishika, nikadhani ni uchovu, nikanywa mwarobaini na Panadol. Siku ya nne sikujitambua, nikalazwa na kuchomwa sindano za malaria kali. Mama na wapwa zangu tulikuwa nyumba moja na hakuna aliyeumwa. Wazee wanasema damu yangu imekuwa nyepesi kwa kiyoyozi na vyakula vya huku. Mwezi wa saba narudi tena, safari hii na mke wangu, ambaye amezaliwa Muscat na ana mimba ya miezi minne, na mtoto wetu wa miaka mitatu. Dada yangu anashauri siku za mwanzo nilale bila chandarua ili mwili ukumbuke. Kinga yangu ilikwenda wapi? Na hivi vidonge vya kuongeza kinga vinaweza kuirudisha?"

Marahaba, na pole sana. Malaria inayomfikisha mtu mahali hajitambui ni ugonjwa unaoua, na nashukuru waliokuuguza walikuwahisha kwenye sindano. Naona maswali yako ni mawili: kinga ya utotoni ilipotelea wapi, na familia isafiri vipi mwezi wa saba. La kwanza nitalieleza kwa kirefu, maana ukilielewa, hilo la dada yako kuhusu chandarua utalijibu mwenyewe.

Nianze na damu nyepesi. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, kisha mwili huivunja na kutengeneza nyingine. Zinazotengenezwa ukiwa Muscat hazina tofauti na zilizotengenezwa ukiwa Muheza, na kiyoyozi hakizifanyi chochote. Wazee wako wameona jambo la kweli kabisa, kwamba aliyekaa mbali miaka mingi akirudi huumwa vibaya. Sababu waliyoitaja ndiyo isiyo sahihi. Labda umeambiwa pia kwamba malaria yako ya zamani ilikuwa imelala mwilini ikaamka. Kimelea kinachosababisha malaria nyingi na kali kwetu, Plasmodium falciparum, hakina tabia ya kujificha kwenye ini kwa miaka. Wenye tabia hiyo ni ndugu zake, Plasmodium vivax na Plasmodium ovale. Kwa maelezo yako, uliambukizwa upya mwaka jana, hapo hapo nyumbani.

Sasa tuone mwili unavyokijua kitu kigeni. Ulinzi wake una sehemu mbili. Ya kwanza tunazaliwa nayo: seli zinazozunguka kwenye damu na nyingine zilizotulia kwenye ini, mapafu na bandama, ambazo hutambua alama zinazopatikana kwa vijidudu vingi na hazipatikani kwenye mwili wa binadamu. Seli hizi hufanya kazi ndani ya saa chache. Hukimeza kijidudu, na humwaga kemikali zinazopandisha joto la mwili na kuita msaada. Homa na mtetemeko uliousikia vilitokana na kazi hiyo. Chembe nyekundu zilizojaa vimelea zinapopasuka, mabaki yao humwagika kwenye damu, walinzi hawa wakashtuka wote kwa pamoja, na wewe ukatafuta blanketi mchana wa jua kali.

Sehemu ya pili inajifunza. Humo mna seli B, zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazokishika kitu kigeni, na seli T, ambazo baadhi yake huua seli za mwili zilizoingiliwa na nyingine huziongoza seli B. Kila seli B huzaliwa na kipokezi, yaani sehemu ya kushikia kitu kigeni, cha umbo lake yenyewe, kwa sababu jeni zinazokitengeneza hukatwa na kuungwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo muda wote unatembea na mamilioni ya maumbo, na mengi hayatakutana kamwe na kitu kinachoyalingana. Seli nyingi zenye vipokezi vinavyong'ang'ania mwili wenyewe huondolewa au hunyamazishwa mapema, B kwenye uboho na T kwenye tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Zinazobaki husubiri. Ikiingia protini ngeni na ikapata seli inayolingana nayo, seli hiyo huzaliana, vizazi vyake hunolewa ndani ya tezi na bandama ili vishike vizuri zaidi, na baada ya wiki moja au mbili damu hujaa kingamwili. Vita vikiisha, baadhi ya seli hubaki kama kumbukumbu, na nyingine huhamia kwenye uboho na kuendelea kumwaga kingamwili kwa miaka.

Kwa ugonjwa kama surua, somo moja linatosha maisha. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, baada ya kutoonekana huko tangu 1781. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aliona kwamba wazee walioipata mwaka 1781 hawakuugua tena, ingawa ilikuwa imepita miaka 65 bila kukutana nayo. Hii ndiyo picha ya kinga waliyo nayo watu wengi kichwani, kwamba ukiugua mara moja umemaliza. Ukiipeleka picha hiyo kwenye malaria itakudanganya, na kwa kweli ndiyo iliyokuchelewesha siku nne na mwarobaini.

Virusi vya surua huingia vikiwa na sura ile ile kila mwaka. Kimelea cha malaria ni kiumbe chenye jeni zaidi ya elfu tano, na kimeishi na binadamu muda mrefu sana. Mbu akikuuma hukutemea vimelea vichache tu, pengine makumi. Baadhi hufika kwenye ini ndani ya saa moja hivi na kukaa humo karibu wiki nzima bila wewe kusikia lolote, huku kila seli ya ini iliyoingiliwa ikizalisha maelfu kwa maelfu. Kisha hutoka na kuingia kwenye chembe nyekundu, na hapa ndipo ujanja wake ulipo. Seli T za kuua hukagua seli za mwili kwa kusoma vipande vya protini ambavyo kila seli huvianika nje, kuonyesha kinachopikwa ndani. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini na haianiki vipande hivyo. Kimelea kimechagua nyumba isiyo na dirisha.

Lakini chembe iliyobeba kimelea huwa ngumu, na bandama huchuja chembe ngumu na kuziharibu. Ili kisipite kwenye bandama, kimelea hupeleka protini ya kunata juu ya ngozi ya chembe, ikaigandisha kwenye kuta za mishipa midogo. Zikinata nyingi kwenye mishipa ya ubongo, mtu hupoteza fahamu, na huenda hicho ndicho kilichokupata. Protini hiyo ndiyo pia inayokifichua, kwa kuwa iko nje, mahali ambapo kingamwili zinaweza kuiona. Basi kimelea kina jeni kama 60 za kuitengeneza, kila moja kwa umbo lake, na hutumia moja kwa wakati mmoja, kama mwanamke wa pwani mwenye sanduku la kanga sitini: mwili ukishaijua ya leo, kesho anatoka na nyingine. Na sanduku la vimelea vya jirani yako halifanani na la vimelea vyako.

Ulivyokuwa mtoto Muheza, kila homa ilikufundisha maumbo machache. Mtoto anayeishi kwenye malaria nyingi na akavuka miaka ya kwanza, kwa kawaida hupata mapema kinga ya kutougua vibaya, baadaye kinga ya kutougua sana, na akiwa mtu mzima huweza kubeba vimelea vichache akaenda shambani kama kawaida. Kinga ya kuvizuia visiingie kabisa karibu haipatikani. Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba mama yako huenda alikuwa na vimelea kwenye damu siku ile ile uliyolazwa. Kingamwili zake zilivishusha vikawa vichache, na mwili wake ulikuwa umejifunza pia kutovipigia kelele nyingi. Zamani ilithibitishwa kwamba sehemu kubwa ya kinga hii imo kwenye kingamwili: mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao walichapisha kazi waliyoifanya Gambia, ambako walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wa huko na kuwapa watoto wagonjwa wa malaria, na vimelea kwenye damu ya watoto wale vikashuka sana.

Ilikwenda wapi basi? Kingamwili za aina hii hupungua nusu kila wiki tatu hivi, kwa hiyo lazima kuwe na seli zinazozitengeneza bila kukoma. Kwa malaria, seli nyingi kati ya hizo huishi muda mfupi na hutegemea kuchokozwa mara kwa mara. Muheza mbu walikuwa wakikuchokoza kila msimu. Muscat hakuna wa kukuchokoza. Seli za kumbukumbu bado unazo, lakini zinahitaji siku kadhaa kuamka na kuzaliana, na wakati huo vimelea vinaongezeka kila baada ya saa 48, pengine mara kumi kila mzunguko. Ndani ya siku nane kimelea kimoja kimekuwa elfu kumi. Isitoshe, miaka 13 ni mingi, na maumbo yaliyopo Muheza leo si yote uliyoyajua. Na ule utulivu wa kutopiga kelele nao hupotea, mwili ukakipokea kimelea kwa vurugu kama mgeni.

Si kwamba hukubakiwa na kitu. Nyanda za juu za Madagascar zilikaa miaka mingi na malaria kidogo sana, na ilipolipuka tena katika miaka ya 1980, watu wazima waliowahi kuipata kabla haijadhibitiwa waliugua kidogo kuliko vijana. Ulaya nako, wahamiaji kutoka Afrika wanaougua malaria baada ya kwenda kusalimia nyumbani hufa kwa nadra kuliko watalii waliozaliwa huko. Inawezekana mabaki hayo yalikusaidia kupona. Ila hao hao wanaokwenda kusalimia nyumbani ndio kundi kubwa la wagonjwa wa malaria katika nchi kama Uingereza, na wengi huenda bila dawa ya kinga kwa sababu ile ile uliyokuwa nayo wewe. Hakuna kipimo cha hospitali kitakachokuambia umebakiwa na kinga kiasi gani. Mimi siwezi kukupimia, na anayedai anaweza anakuuzia maneno.

Ushauri wa dada yako umetoka kwenye upendo, lakini usiufuate hata usiku mmoja. Hakuna malaria "kidogo" ya kujikumbushia. Mbu mmoja aliyebeba vimelea anatosha, na utakachokumbushwa ni umbo moja au mawili kati ya mengi. Kuirudisha kinga ya utotoni kunahitaji misimu na misimu ya kuugua, na kinga ile ililipiwa ghali. Wewe ulivuka. Katika kila kijiji cha kwenu Bonde kuna mama anayejua ni mtoto wake yupi hakuvuka. Mwezi wa saba ni baada tu ya mvua za masika, wakati ambao maeneo mengi ya pwani huwa na malaria nyingi. Lala kwenye chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na wapwa zako pia walale humo, maana mbu anaweza kuchukua vimelea kwa asiyeumwa akakuletea wewe.

Vidonge vya kuongeza kinga sitavitumia maneno mengi. Mtu mwenye upungufu halisi wa lishe, hasa mtoto, kinga yake hudhoofika, na kumlisha vizuri kunamsaidia. Lakini hakuna vitamini, asali wala unga wa mlonge unaoweza kuifundisha seli B umbo ambalo haijakutana nalo. Mwarobaini usiutegemee kwa malaria, si kwa kinga wala kwa tiba.

Kuna kinga moja isiyofunzwa wala kupotea, nayo ni ya kurithi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, hupata ahueni dhidi ya malaria. Leo tunajua kwamba huwakinga watoto wengi wasifikie malaria kali. Lakini huambukizwa kama wengine, na mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa wa selimundu, malaria ni hatari zaidi kwake. Kama kwenu kuna selimundu, mpimeni mtoto kabla ya safari.

Sasa mkeo, na hapa nitasema wazi: kama safari yake inaweza kungoja hadi ajifungue, ingoje. Yeye hana kingamwili hata moja ya malaria, na mimba inaongeza jambo jingine. Kondo la nyuma lina sukari maalumu kwenye kuta zake, na kati ya maumbo ya ile protini ya kunata lipo moja linaloishika sukari hiyo. Vimelea vyenye umbo hilo hujazana kwenye kondo, mama akaishiwa damu, mtoto akazaliwa na uzito mdogo, au mimba ikatoka. Ndiyo maana hata mwanamke aliyekulia kwenye malaria huugua katika mimba ya kwanza, kwani kabla ya hapo mwili wake haukuwa na mahali pa kukutana na umbo hilo kwa wingi. Akizaa mara kadhaa katika eneo la malaria, huanza kulitambua. Mkeo hana hatua hata ya kwanza.

Najua kuna safari zisizongoja, na mama mgonjwa ni mojawapo. Ikibidi aende, amwone daktari wa wajawazito wiki tatu au nne kabla, kwa sababu dawa za kuzuia malaria zinazomfaa ni chache. Doksisaiklini haimfai mjamzito. Atovakuoni na proguanili, inayojulikana kwa jina la Malarone, haishauriwi sana kwake kwa kuwa taarifa za usalama wake katika mimba bado ni chache. Meflokwini ndiyo inayotumika zaidi, humezwa mara moja kwa wiki, lakini aliyewahi kuwa na kifafa au ugonjwa wa akili asipewe. Vile vidonge vya SP (sulfadoksini na pirimethamini) wanavyopewa wajawazito kliniki Tanzania ni utaratibu mzuri kwa wakazi, na havitoshi kuwa kinga ya msafiri asiye na kinga yoyote.

Mtoto wa miaka mitatu apewe dawa ya kinga kwa kipimo cha uzito wake, tena iandikwe na daktari, msikadirie kwa kukata kidonge cha mtu mzima. Wengi wananiuliza kuhusu chanjo. Zipo mbili zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, na zote hufundisha mwili protini inayokifunika kimelea kabla hakijafika kwenye ini, yaani mapema kabla ya vurugu ya maumbo sitini. Ni hatua kubwa. Lakini zimekusudiwa watoto wanaoishi kwenye malaria, hutolewa dozi nne kuanzia umri wa miezi mitano hivi, nguvu yake hupungua baada ya muda, na hazitolewi kwa wasafiri.

Kwako wewe nafikiri Malarone inafaa zaidi kwa safari ya wiki chache: unaanza siku moja au mbili kabla, unameza kila siku, unaendelea siku saba baada ya kuondoka. Bei yake ni ya juu, hilo ni kweli. Doksisaiklini ni nafuu, ila inakubidi uimeze wiki nne baada ya kurudi, na watu wengi huiacha njiani. Mwambie daktari dawa zote unazotumia na kama una ugonjwa wa figo, kwa kuwa hilo hubadilisha uchaguzi. Klorokwini ya zamani, hata ukiikuta kabatini kwa mama, iache.

Hakuna dawa ya kinga iliyo kamili, kwa hiyo homa yoyote kuanzia siku ya saba baada ya kufika, pimeni siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu kipo hata zahanati. Kikionyesha hakuna kitu na homa ikaendelea, rudieni kesho yake, na ikiwezekana damu isomwe kwa darubini. Msimeze dawa ya mseto kwa kukisia kisha mkakaa nyumbani. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kupata degedege, kupumua kwa shida, kutapika kila anachomeza, kukojoa mkojo mweusi au kuwa wa njano machoni, nendeni moja kwa moja hospitali inayoweza kulaza na kutoa sindano ya atesuneti. Mtoto mdogo na mjamzito wasingojewe wafikie dalili hizo. Homa tu inatosha kuwapeleka.

Mkisharudi Muscat tahadhari hiyo iendelee. Malaria hii mara nyingi hujitokeza ndani ya mwezi mmoja, lakini inaweza kuchelewa miezi mitatu na zaidi, hasa kwa aliyetumia dawa ya kinga au mwenye mabaki ya kinga kama wewe. Homa ikija, neno lako la kwanza kwa anayekupokea hospitalini, kabla hata hujaeleza kikohozi au kichwa, liwe kwamba umetoka Tanga na unataka kipimo cha malaria leo.